MKONO KWA MKONO
Historia fupi ya hadaa katika biashara ya mali za michezo ya kompyuta

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu (S.W.T.) na kumsalia Mtume wake (S.A.W.), twapenda, ndugu msomaji, kuzungumza nawe juu ya biashara ambayo huenda yafanyika ndani ya nyumba yako nawe huna habari nayo. Kijana ameketi ukumbini, simu i mkononi, nawe wadhani acheza tu. Kumbe auza, au anunua. Auza upanga usiokata, anunua nguo isiyovalika na dhahabu isiyowekwa kwenye mizani. Lakini shilingi zinazotoka kwa ajili ya vitu hivyo ni shilingi za kweli, tena mara nyingi zatoka katika simu ya baba au mkoba wa mama. Na akihadaiwa, hasara yake ni hasara ya kweli.

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya kitoto. Sisi twaona yafaa kuandikwa, kwa sababu mbili. Ya kwanza, haki ya mtu ni haki, ikiwa ni shamba la minazi au ni kitu kilichochorwa kwenye kioo cha simu. Ya pili, historia ya biashara hii ni fupi, yapata miaka 30 tu, lakini ndani ya muda huo imerudia hatua kwa hatua makosa yale yale ambayo soko la Madina liliyawekea sharia karne 14 zilizopita. Mwenye kuisoma ataona kwamba hadaa zote, hata zikibadilisha nguo, huingia kwa mlango mmoja: ule mwanya ulio baina ya kutoa mali na kupokea thamani yake.

MALI GANI HII?

Yafaa kwanza tueleze, maana wengi wetu tulio watu wazima hatuijui. Mwaka 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex huko Uingereza, mwanafunzi Roy Trubshaw alianza kutunga mchezo wa kompyuta ambao watu wengi waliweza kuuingia kwa wakati mmoja, wakakutana humo na kusemezana. Mwenzake Richard Bartle akauendeleza. Huo ndio mmoja wa mizizi ya michezo ya leo. Katika michezo iliyofuata, kila mchezaji ana mtu wake wa kuchorwa, ambaye hutembea, hupigana, huchimba madini na kukusanya mali: panga, deraya, farasi, nguo na dhahabu. Vitu vingine hupatikana kwa saa moja, na vingine havipatikani ila kwa miezi.

Kwa hakika upanga ule si chochote ila ni mstari katika daftari la kampuni yenye mchezo, usemao kwamba fulani anao upanga fulani. Ukiuuza, mstari wafutwa kwako waandikwa kwa mwenzako. Basi kwa nini uwe na bei? Kwa sababu kuupata kwataka muda. Yuko mwenye muda asiye na fedha, na yuko mwenye fedha asiye na muda, na wawili hawa wakikutana soko limezaliwa. Mwaka 2001, Edward Castronova, mwanauchumi aliyekuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha Jimbo la California huko Fullerton, aliuchunguza mchezo uitwao EverQuest, uliotoka mwaka 1999. Alikisia kwamba mchezaji humo huchuma thamani ya dola 3.42 za Marekani kwa saa. Mahali penye thamani kama hiyo hapakosi mnunuzi, na penye mnunuzi hapakosi mwizi.

KIPIMO CHA SOKO LA MADINA

Kabla hatujaendelea na hadithi, tuchukue kipimo cha kuipimia.

Imepokewa na Imam Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alipita sokoni akatia mkono wake katika lundo la nafaka, na vidole vyake vikakuta umaji chini ilhali juu ni kavu. Mwenye nafaka akatoa udhuru kwamba imenyeshewa mvua. Mtume akamuuliza sababu ya kutoiweka juu ile iliyolowa ili watu waione, kisha akajitenga na kila mwenye kughushi. Akakataza pia watu kutoka nje ya mji kuulaki msafara na kununua bidhaa kabla haijafika sokoni, kwa kuwa mleta bidhaa hajaijua bei. Akakataza mtu kupandisha bei ya kitu asichotaka kukinunua ili mwingine aghurike. Akamkataza Hakim bin Hizam (R.A.) kuuza kitu asichokuwa nacho. Na akakataza chakula kilichonunuliwa kisiuzwe tena mpaka mnunuzi awe amekwisha kukipokea.

Neno letu "kukabidhi" latokana na neno la Kiarabu "qabdh", ambalo kwa wanavyuoni wa fiqhi ni mlango mzima. Maana yake si kukitazama kitu, wala si kuambiwa kwamba kitu kiko njiani. Ni kitu kuingia katika mamlaka yako, uweze kukitumia utakavyo pasi na kizuizi. Lishike neno hili, ndugu msomaji, kwani hadithi yote inayofuata ni hadithi ya watu waliodhani wamekabidhiwa na kumbe hawajakabidhiwa.

MALI ILIYOTUPWA CHINI

Katika mchezo uitwao Diablo, uliofika madukani mwanzoni mwa mwaka 1997, hapakuwa na njia ya kubadilishana mali ila kuitupa chini. Huyu aliweka pete yake ardhini, na huyu akaweka upanga wake, kisha kila mmoja akaokota cha mwenzake. Bila shaka umekwisha kujua kilichotokea. Aliyekuwa mwepesi aliokota vyote viwili akatoweka.

Watungaji wa michezo iliyofuata wakaweka dirisha la kubadilishana. Wawili huweka vitu vyao mezani, kila mmoja akaviona, na hakuna kinachotoka mpaka wote wawili wakubali. Hapo mkono kwa mkono ulirudi, na ilikuwa dawa njema. Lakini laghai hakosi njia. Aliweka kitu cha thamani, akazungumza maneno mengi, kisha akakiondoa na kuweka kingine kinachofanana nacho kwa umbo, akimhimiza mwenzake abonyeze upesi. Ni ile ile nafaka kavu juu na mbichi chini.

Wengine hawakuhitaji hata dirisha. Katika mchezo wa RuneScape, uliotungwa Uingereza na kutoka mwaka 2001, walisimama watu sokoni wakinadi kwamba mwenye kuwapa dhahabu wangemrudishia maradufu. Walianza kwa kurudisha maradufu kweli, kidogo kidogo, mpaka mtu akaleta kila alicho nacho. Wengine walijidai mafundi wa kutia nakshi deraya bila malipo. Mwenye deraya aliitoa kwa hiari yake, na fundi akaenda nayo. Wazee wetu walisema: usiache mbachao kwa msala upitao. Vijana waliopoteza deraya zao walikuwa na mbacha mzuri, wakauachilia kwa msala ambao hata haukuwapo.

FEDHA ZA KWELI ZAINGIA

Mwezi wa Septemba 1997 ulitoka mchezo mwingine wa Kimarekani, Ultima Online, na haikuchukua muda mali zake zikaanza kuuzwa kwa dola katika soko la mnada la eBay, lililoanzishwa mwaka 1995. Hapa ndipo mwanya ulipopanuka. Lile dirisha la kubadilishana lilijua upanga na dhahabu ya mchezoni tu, na halikujua dola. Basi upanga ulipita njia moja na fedha zikapita njia nyingine. Ni nani atangulie? Muuzaji akitangulia, mnunuzi aweza kutoroka. Mnunuzi akitangulia, muuzaji aweza kutoroka.

Dawa ya kwanza ilikuwa sifa. Tangu mwaka 1996 eBay iliwapa watu nafasi ya kuandika hadharani jinsi walivyotendewa na wenzao. Yalikuwa mema, maana ushuhuda ni msingi wa soko. Hata hivyo sifa yaweza kupandwa kama mtego. Laghai aliuza vitu vidogo 20 kwa uaminifu, akakusanya sifa 20, kisha akauza kimoja kikubwa ambacho hakukuwa nacho.

Hadaa iliyokuwa nzito zaidi ilikuja kwa upande wa malipo. Tueleze jinsi ifanyavyo kazi, kwa kuwa hata leo ndiyo inayowanasa wengi. Mtu akilipa kwa kadi ya benki, fedha huonekana kwa muuzaji mara moja. Lakini mwenye kadi ana haki ya kwenda kwa benki yake, hata baada ya wiki kadhaa, akasema kwamba hakupokea bidhaa, au kwamba kadi yake ilitumiwa na mwizi. Benki ikimsadiki, hurudisha fedha kutoka kwa muuzaji. Kanuni hii imewekwa kumlinda mnunuzi, na ni kanuni ya haki. Laghai akaigeuza silaha. Alilipa, akapokea upanga, kisha akadai fedha zake zirudi. Au alilipa kwa kadi ya wizi, na mwenye kadi wa kweli alipogundua, fedha zikarudi kwake naye laghai amekwisha kuuza upanga kwa mtu wa tatu.

Muuzaji alipolalamika, aliulizwa: iko wapi risiti ya posta kuonyesha kwamba bidhaa ilifika? Kwa miaka mingi kinga waliyopewa wauzaji na kampuni kubwa za malipo ya mtandaoni ilihusu bidhaa zinazoshikika na kusafirishwa. Upanga wa mchezoni hauna risiti ya posta. Waona basi, ndugu msomaji: mali ilikuwa ikienda isirudi, na fedha zilikuwa zikija huku kamba yake i mkononi mwa mlipaji. Huko si kukabidhiana.

Kampuni zilijaribu kila namna. Mwaka 2001 eBay iliondoa mnada wa mali za EverQuest kwa maombi ya Sony, mwenye mchezo, na mwezi wa Januari 2007 ikapiga marufuku karibu mali zote za michezo. Sony yenyewe ilifungua soko rasmi mwaka 2005 kwa mchezo wake wa EverQuest II. Kampuni ya Blizzard ikafungua soko la fedha za kweli ndani ya Diablo III mwaka 2012, ikalifunga Machi 2014. Huko Korea ya Kusini madalali wa mtandaoni waliinukia, kazi yao kuzishika fedha za mnunuzi kama amana mpaka athibitishe kwamba amepokea mali. Na wenye RuneScape, waliosumbuliwa na wauza dhahabu waliotumia kadi za wizi, walichukua hatua kali kuliko zote. Mwezi wa Desemba 2007 walizuia wachezaji kupeana mali zisizolingana kwa thamani. Hata zawadi baina ya marafiki ilizuiwa, na zuio hilo likadumu mpaka mwaka 2011. Waovu wachache waliwafungia wema wengi mlango.

BENKI ZISIZO NA MLANGO

Palipo na mali hapakosi mwenye kujitolea kuiweka. Katika ulimwengu wa mtandaoni uitwao Second Life, ambamo fedha za mchezoni hubadilishwa kwa dola, ilifunguliwa taasisi iliyojiita Ginko Financial, ikiahidi faida ya zaidi ya asilimia 40 kwa mwaka. Mwenye kuikumbuka aya ya riba angekimbia kwa ahadi hiyo peke yake. Mwaka 2007 ilianguka, na madai ya walioweka fedha yalikisiwa kufika dola 750,000 hivi za Marekani. Mwezi wa Januari 2008 wenye mchezo wakazuia benki zote zisizo na leseni ya serikali ya kweli.

Katika EVE Online, mchezo wa Iceland uliotoka mwaka 2003, lilitokea jambo la kuhuzunisha zaidi. Wachezaji walianzisha benki yao kwa jina la EBANK. Mwaka 2009 aliyekuwa mkuu wake, mtu wa Australia, alichota fedha za mchezoni kama bilioni 200 katika amana za watu, akaziuza kwa fedha za kweli. Mwenyewe alieleza kwamba alikuwa na gharama za nyumba na za matibabu ya mwanawe. Kampuni ilimfukuza. Lakini angalia sababu! Hakufukuzwa kwa kuiba, kwani kanuni za mchezo ule ziliruhusu wachezaji kuhadaana. Alifukuzwa kwa kuuza kwa fedha za kweli. Waliopoteza amana zao wakajua kwamba walikuwa wameweka mali mahali ambapo wizi haukuhesabiwa kuwa kosa. Muislamu hana ruhusa ya namna hiyo. Amana ni amana, na shida ya mtu, hata ikiwa ya kweli, haimhalalishii mali ya mwenzake.

MCHEZO ULIOLETA DAMU

Tunaandika haya kwa huzuni. Huko Shanghai, nchini China, mchezaji mmoja alimwazima mwenzake upanga wa thamani wa mchezo uitwao Legend of Mir 3. Mwenzake akauuza kwa Yuan 7,200. Mwenye upanga alikwenda polisi, akaambiwa kwamba hapakuwa na sheria ya kulinda mali isiyoshikika. Aliyeuuza akaahidi kulipa, lakini mwenye upanga hakuwa na subira. Mwaka 2005 alimwendea nyumbani akamchoma kisu, akamuua. Mahakama ikamhukumu kifo, hukumu iliyoahirishwa. Mmoja aliingia kaburini, mwingine gerezani, na sababu ni upanga usioweza kukata hata uzi.

Hapo hapakuwa na kadi ya wizi wala benki ya uongo. Palikuwa na kuazimana bila maandishi na bila shahidi, kisha khiyana, kisha hasira. Aya ya 282 ya Suratul Baqara yaamrisha deni la muda liandikwe na lishuhudiwe, na hekima iliyomo ni kuwaondolea watu shaka na ugomvi. Nasi wa pwani tuna usemi wetu: mali bila daftari huisha bila habari.

WIZI WA FUNGUO

Baada ya mwaka 2013, mchezo wa Counter-Strike ulipoanza kutoa mapambo ya silaha yanayouzika, biashara ilikua sana katika duka la Steam la kampuni ya Valve ya Marekani. Sasa wezi hawakungoja kuuziana. Waliiba ufunguo wenyewe, yaani jina na neno la siri, kwa kutengeneza kurasa zinazofanana na ukurasa wa kweli, au kwa kujidai wafanyakazi wa kampuni. Mwezi wa Desemba 2015 Valve ilitangaza kwamba akaunti kama 77,000 zilikuwa zikitekwa na kuporwa kila mwezi. Ikaamua kwamba asiyethibitisha mauzo yake kwa simu, mali yake izuiwe kwa siku kadhaa kabla ya kufika kwa mpokeaji. Na mwaka 2025 ikaongeza kwamba mapambo ya Counter-Strike 2 yaliyobadilishwa yaweza kurudishwa ndani ya siku 7.

Ni kinga njema kwa aliyeibiwa. Lakini mwenye kununua nje ya soko la kampuni na azingatie: sasa hata mali, si fedha peke yake, yaweza kuvutwa nyuma baada ya kuonekana imefika.

Na sisi huku kwetu mambo haya si mageni. Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, mara ngapi tumesikia mtu aliyeletewa ujumbe wa uongo usemao kwamba amepokea fedha, akatoa bidhaa, na alipotazama salio akakuta halikuongezeka? Kijana anayeuza akaunti ya mchezo kwa mwenzake wa mji mwingine huhadaiwa kwa ujumbe huo huo. Ujumbe ni habari ya fedha. Fedha zenyewe ni jambo jingine.

MAMBO YA KUSHIKA

Historia isiyoleta funzo ni ngano tu. Basi wasomee vijana wako haya:

1. Uliza kwanza kama wauza kilicho chako. Kampuni nyingi zimeandika katika masharti kwamba mchezaji hupewa ruhusa ya kutumia tu, na zakataza kuuza kwa fedha za kweli. Aliyekubali masharti amefunga ahadi, na ahadi ni ya kutimizwa. Tena auzaye kinyume cha masharti akiibiwa hana wa kumlalamikia.

2. Usitoke sokoni. Mtu akikuambia, "Tuache soko la kampuni, tumalizane pembeni kwa bei nafuu," mkumbuke yule aliyetoka mjini kuulaki msafara. Kinga i ndani ya soko, na anayekuita nje akuita ilipokosekana.

3. Usitoe mali kwa kuonyeshwa dalili ya malipo. Picha ya risiti si malipo, wala ujumbe si malipo. Fungua mwenyewe, kwa mkono wako, utazame salio. Halikuongezeka, hujalipwa.

4. Jua kama malipo yaweza kurudishwa na baada ya muda gani. Usimwuzie mgeni kitu kisichorudi kwa fedha zinazorudi. Nawe ukinunua, usitume kwa mgeni fedha zisizorudi ili usubiri kitu usichokiona.

5. Dalali awe wa soko, si wa mwenzako. Ukiletewa na muuzaji mtu wa kushika amana, jua kwamba huenda wawili hao ni mtu mmoja mwenye majina mawili.

6. Neno la siri na namba za uthibitisho zinazoletwa kwa simu ni funguo za nyumba. Hakuna mfanyakazi wa kampuni mwenye haja ya kuziomba kwako. Mwenye kuziomba ni ayari.

7. Andika. Hifadhi mazungumzo, tarehe, kiasi na jina la akaunti. Ukihadaiwa, wapashe habari upesi wenye mchezo na wenye huduma ya malipo. Na jihadhari na ayari wa pili, ajaye baadaye kudai ada ili akurudishie ulichopoteza.

8. Ogopa haraka na bei isiyo ya kawaida. Mwenye pupa hadiriki kula tamu.

NENO KWA WAZAZI NA KWA VIJANA

Ewe mzazi, mwanao akija kukuambia kwamba amehadaiwa, usianze kwa kiboko wala kwa kicheko. Mtoto anayeogopa kucheka kwako atanyamaza, na aliyenyamaza na hasara yake hutafuta njia ya kuifidia gizani: pengine kwa kuchukua tena fedha za nyumba, pengine kwa kumtenda mwenzake alivyotendwa. Ndivyo mwenye kuhadaiwa anavyogeuka laghai, naye alikuwa mtoto mwema. Mketishe, mwulize amempa nani, kwa njia gani, kwa makubaliano gani. Mfundishe biashara kama babu zetu walivyowafundisha watoto wao dukani. Sheria ni zile zile, duka tu ndilo lililobadilika.

Nawe kijana, huenda hukuhadaiwa bali wewe ndiwe uliyehadaa, ukacheka na wenzako ukisema, "Ni mchezo tu." Yule uliyemchukulia alikesha usiku akiitafuta mali ile, au aliinunua kwa akiba yake. Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) aliwauliza Masahaba kama wamjua muflisi. Wakamtaja asiye na dirhamu wala mali. Akawaeleza kwamba muflisi wa umma wake ni atakayekuja Siku ya Kiyama na Sala na Saumu na Zaka, ilhali amemtukana huyu, amekula mali ya huyu na amempiga huyu, basi wagawiwe mema yake mpaka yaishe. Kampuni yaweza isikujue jina, maana ulitumia la uongo. Benki yaweza isikupate. Lakini daftari lile halina jina la uongo hata moja, na hakuna wa kulifuta mstari ila yule uliyemdhulumu akikusamehe. Mrudishie haki yake leo, angali katika orodha yako ya marafiki, kabla hajawa mdai wako mbele ya Mola.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atuzuie na haramu kwa halali yake, na atutosheze na hadaa ya kila mwenye kuhadaa. Amin.